Unga Kichwani: Neno Juu ya Wahitimu wa Lubumbashi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, na vijana wa Lubumbashi wakatoka mabarabarani wakiwa weupe kuanzia utosini hadi mabegani kwa poda na unga, husikika maneno yale yale kutoka vinywani mwa watu wasiotufahamu, na siku hizi, jambo linaloniudhi zaidi, kutoka vinywani mwa watu waliozaliwa Katuba na Kenya kama sisi (Kenya ninayoitaja ni komine ya mji wetu, wala si ile nchi ya jirani zetu wa mashariki): ya kwamba huu ni ushenzi; ya kwamba ni israfu ya chakula katika nchi yenye njaa; na ya kwamba, kwa kauli ya wahubiri wa makanisa ya uamsho, ni masalio ya ibada za mizimu yaliyojificha ndani ya kopo la poda ya mtoto mchanga. Mgeni mmoja, mtu wa Ulaya aliyekuja kwa kazi ya migodi, aliniuliza kwa sauti ya pole kama kijana aliyetupita mbio akiwa mweupe vile amefiwa na mzazi. Huyo sikumlaumu, maana alikuwa hajui na aliuliza. Wanaostahili kujibiwa ni hawa wanaojua nusu na kuhukumu yote.

Ili mtu aifahamu poda, sharti kwanza afahamu jinsi cheti cha shule ya sekondari kilivyokuwa kitu adimu katika mji huu. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na ulianzishwa kwa ajili ya shaba, wala si kwa ajili ya madaftari. Mapadri Wasalesiani wa Don Bosco walifika 1911, na mwaka uliofuata wakafungua koleji ya Mtakatifu Fransisko wa Sales. Walakini kwa muda wa miaka kadha wa kadha madawati ya koleji ile yalikuwa ya watoto wa Wazungu, ilhali mtoto wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba, alifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi ya mikono, kisha akaambiwa kwamba kiasi hicho kinamtosha. Milango ilianza kufunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1950, na uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi yote, pana kama ilivyo, kwa hesabu iliyozoeleka hawakufika thelathini. Mtu akiyajua hayo hatashangaa tena kwamba baba aliyeshinda shimoni au kwenye tanuru la shaba, na asiyeweza kusoma barua yake mwenyewe, alipoona mwanawe amevuka darasa la sita la sekondari, hakuweza kutulia kitini na kunywa chai kama kwamba halikutokea jambo.

Ukaja mwaka 1967, mji ukiwa umekwisha kuitwa Lubumbashi, na Serikali ikaanzisha mtihani mmoja kwa nchi nzima, ambao wazee wanauita Mtihani wa Serikali na vijana wanauita Ekzeta. Miaka michache baadaye, katika zama za Mobutu za kurudia asili, majina ya watakatifu yaliondolewa milangoni mwa shule, na mji wetu, ambao darasani ulifundishwa Kifaransa na nje ya darasa ukaishi kwa Kiswahili, ukajikuta na shule zenye majina kama Imara, Wema, Tuendelee na Salama. Koleji ya Mtakatifu Fransisko ndiyo iliyokuwa Imara. Walimu wetu, wengi wao, walituadhibu kwa kusema Kiswahili ndani ya ua ambao jina lake limeandikwa kwa Kiswahili juu ya lango, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Sisi wenyewe tulilicheka kwa siri.

Mtihani wenyewe una sehemu mbili, na desturi zake zafuata sehemu hizo. Kwanza huja majaribio ya awali: insha ndefu ya Kifaransa, mahojiano ya ana kwa ana, na kazi za vitendo kwa wale wa ufundi. Kisha, baada ya majuma kadhaa, huja siku nne za maswali ya kuchagua jibu, ambayo kila mtu huyaita maitemu: siku ya maarifa ya jumla, siku ya sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya mkondo wa mwanafunzi, awe wa kemia na biolojia, wa hesabu na fizikia, wa Kilatini na falsafa, wa ualimu, wa biashara au wa ushonaji. Siku hizo huangukia wakati wa kipupwe, na mji wetu uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo msomaji wa pwani asidhani kwamba natia chumvi nikisema kwamba tuliingia mtihanini meno yakigongana, tumevaa shati jeupe na sketi ya buluu ya sare, na juu yake koti la mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza kila mtahiniwa hubeba kadi yake yenye picha na kalamu zisizopungua mbili. Kalamu hizo aghalabu zimekwisha kupelekwa kanisani zikabarikiwe na padri. Na wapo waliozipitisha pia mikononi mwa nkambo, yaani bibi au babu, ambaye hakuwa na maji ya baraka, lakini alikuwa na maneno yake na majina ya waliotutangulia. Sijapata kumwona mwanafunzi aliyekataa mojawapo kwa ajili ya nyingine.

Juu ya ngoma ya wahitimu, na fulana zenye majina, na picha za studio, sina la kusema. Ni mambo mazuri na yako duniani kote.

Ninalotaka kulieleza ni namna habari ilivyokuwa ikitufikia. Karatasi za majibu zilisafirishwa hadi Kinshasa, mahali palipo mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,500 za anga, na huko ndiko zilikosahihishwa. Kisha, baada ya siku za kungoja ambazo hakuna aliyejua zitakuwa ngapi, orodha zilisomwa redioni, shule kwa shule, jina kwa jina, pamoja na asilimia ya kila mmoja. Sisi tuliomaliza mwaka 1984 tuliisikiliza Sauti ya Zaire. Betri za redio zilitolewa na kuanikwa juani mchana kutwa ili zirudishe nguvu, na aliyekuwa na haraka aliziweka karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, akiomba zisipasuke. Jioni ilipoingia viti vilitolewa uani. Baba alijidai anasoma gazeti la juma lililopita. Mama na shangazi walitwanga sombe, yaani majani ya mhogo, iliyokwisha kutwangika. Watoto wadogo walikatazwa kusema hata neno moja, nao, kwa mara moja katika mwaka, walitii. Msomaji wa orodha alianza na shule za mikoa mingine, akaziacha, akarudi, akapiga muziki, akasoma tena, na majina yetu ya Kiluba, Kibemba, Kilunda na Kisanga aliyatamka namna ambayo mwenye jina mwenyewe alihitaji dakika nzima kujitambua. Shule yako yaweza kusomwa saa mbili usiku, yaweza pia kusomwa usiku wa manane, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa kuwa kila ua ulikuwa umefungulia stesheni ile ile, jina lako halikuwa lako peke yako lilipotoka. Lilitoka wakati mmoja katika nyumba ya mwenye duka, katika nyumba ya fundi viatu, katika nyumba ya yule mama aliyekukopesha pesa za daftari na akajizuia kukukumbusha. Kelele ya kwanza haikupigwa kwenu. Ilipigwa kwa jirani, kwa sababu jirani hakuwa na hofu kubwa kama yako na masikio yake yalisikia mbele ya masikio yako. Ndipo watu wakamiminika kwa mlango, kwa ukuta na kwa tundu la ua, wakisema kwa Kiswahili kila kitu ambacho shule ilikuwa imetutaka tukiseme kwa Kifaransa, na mama yako, tangu usiku ule, akaacha kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza akaitwa Mama Diplome.

Poda ilikuwa imekwisha nunuliwa. Ilifichwa sandukuni chini ya vitenge vya sikukuu, maana kuinunua hadharani kabla ya habari ni kujitakia nuksi, na kila mzazi akikana kwamba anayo. Kwetu mkono wa kwanza kumimina ulikuwa wa nkambo. Hakumimina kwa fujo. Alichota kidogo kwa vidole vitatu, akaweka katikati ya utosi, akanyamaza kidogo, kisha akapaka kwenye paji la uso na kwenye viganja vya mikono. Baada yake alikuja mama, na baada ya mama hapakuwa tena na utaratibu: poda kopo zima, unga wa mahindi kwa wasiokuwa na poda, vitenge vikitandikwa chini ili mhitimu asikanyage mchanga, vigelegele, majani ya mti yakitiwa kichwani, na vijana wakitoka mbio kwenda kumtafuta mwenzao mwingine aliyesomwa, mpaka kulipopambazuka mtaa mzima ukiwa na nyayo nyeupe.

Wanaosema kwamba desturi hii haina asili hawajauliza. Katika Waluba, na Wabemba, na Walunda, na majirani wao wengi walioacha vijiji vyao wakaja kujenga mji huu kwa jasho la migodi, udongo mweupe uitwao pemba ulikuwa alama ya heri na usafi na kibali cha wazee waliotangulia: alipakwa mama aliyejifungua mapacha, alipakwa mtu aliyetawazwa, alipakwa aliyerudi salama kutoka mahali pa hatari. Mji hauna kingo za mto zenye udongo ule, na aliyezaliwa Kamalondo hajui auchimbe wapi. Basi duka la Mgiriki, na baadaye duka la Mlebanoni, likampa poda badala yake, naye akaipokea kwa maana ile ile. Mwanafunzi aliyekaa miaka sita akitembea kwa miguu kutoka Ruashi, akifukuzwa darasani kwa ajili ya ada, akirudi, akifukuzwa tena, akimaliza mwisho katika mtihani uliosahihishwa na watu asiowajua katika mji asioujua, hakika ni mtu aliyerudi salama kutoka mahali pa hatari. Sioni mahali pengine ambapo pemba ingefaa zaidi.

Kwa wahubiri jibu langu ni fupi. Samweli alimmiminia Daudi mafuta kichwani mbele ya ndugu zake, na hakuna mhubiri aliyemwita Samweli mchawi. Kama kumimina kitu juu ya kichwa cha kijana ili kumtakia heri ni dhambi, wafute na kitabu hicho. Na kama kosa ni kwamba bibi zetu walijua kubariki kabla ya wamisionari kufika, basi kosa hilo tunalikubali kwa moyo mkunjufu.

Kwa wale wanaolia juu ya unga unaomwagika jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu wao wanazungumza juu ya umaskini, na umaskini tunaujua. Katika enzi ya Union Minière, na miaka ya mwanzo ya Gécamines iliyoirithi, mfanyakazi wa kampuni alipewa nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule kwa watoto wake. Mwaka 1990, mwezi Septemba, mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni iliyokuwa imekwisha kudhoofika ikaanguka nao. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na walimu wa Serikali hawakuwa na hali nzuri zaidi. Tangu miaka hiyo wazazi ndio waliowalipa walimu kwa kile tunachokiita prime, kuongeza juu ya ada ya shule tunayoiita minerivali, na jambo lililoanza kama msaada wa dharura likawa sheria isiyoandikwa. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza elimu ya bure, lakini ni ya shule za msingi. Sekondari ingali inalipwa na mzazi. Nani aliyelipa, baba alipokuwa amekaa nyumbani akingoja malimbikizo ya mshahara? Alilipa mama aliyeuza makaa kwa mafungu, na mandazi, na samaki wakavu, na maji baridi katika mifuko ya nailoni. Alilipa shangazi aliyepokea zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, akaipeleka shuleni badala ya kununua kitenge. Alilipa yaya, kaka mkubwa wa nyumba, aliyeacha masomo mwenyewe ili mdogo wake asome. Poda ile ni stakabadhi yao. Serikali humpa mhitimu karatasi, tena huikawiza, na wapo walioingia chuo kikuu, wakatoka, wakaoa, diploma yao halisi ikiwa bado haijafika kutoka Kinshasa. Waliolipa hawapewi kitu chochote. Siku ile moja wanajilipa wenyewe, kwa mkono wao, kwa gharama ya kopo moja la poda. Mtu anayeona hiyo ni israfu na ahesabu kwanza minerivali ya miaka sita.

Sikusema kwamba kila desturi ya wahitimu ni ya kutetewa. Kuchoma madaftari siku ya mtihani wa mwisho, kwa mfano, ni jambo nisilolipenda hata chembe, kwani katika nyumba zetu daftari la mkubwa lilikuwa kitabu cha mdogo, na mimi nilisoma kemia katika mwandiko wa binamu yangu aliyenitangulia kwa miaka mitatu, pamoja na michoro ya nyuso za walimu aliyoichora pembeni. Kuandikiana majina kwenye mashati meupe ni jambo jema, ijapokuwa mama waliotaka kumvalisha mdogo shati hilo hilo mwezi wa tisa walikuwa na fikira nyingine.

Sasa sharti nitaje wale ambao majina yao hayakusomwa, maana mtu anayetetea furaha na kuwasahau hao hajasema kweli yote. Alama ya kushinda ni asilimia 50, na wengi wameangukia 48 au 49. Redio haikusoma alama zao, ilipita tu kutoka jina moja hadi jingine kama kwamba wao hawakuwa wameketi katika chumba kile. Katika mtaa wetu palikuwa na adabu yake. Nyumba iliyonyamaza haikuulizwa. Mama hakuambiwa pole mlangoni, kwa kuwa pole ni ya msiba na huu haukuwa msiba. Ila kesho yake mchana jirani alileta bukari, yaani ugali, na mboga, akaketi, akazungumza juu ya bei ya unga na mvua zitakazokuja, akaenda zake. Na sisi tulioshinda katika darasa letu tulipokwenda kumwona mwenzetu aliyeanguka, tulikwenda tumenawa. Hakuna mwalimu aliyetufundisha jambo hilo, yaya mmoja alituzuia njiani akatuambia, “Mnakwenda wapi na nyuso hizo? Rudini mkanawe kwanza, wadogo zangu.” Mwenzetu yule alirudia mwaka, akashinda, na tuliomkuta tumenawa ndio tuliommiminia unga mwaka uliofuata, mwingi kuliko tuliomiminiwa sisi.

Adabu hiyo iliwezekana kwa sababu habari ilikuwa moja na ilifika kwa wakati mmoja. Tangu simu za mkononi zilipoenea, mhitimu hupeleka namba yake kwa ujumbe mfupi, akajibiwa peke yake, akiwa kitandani, au ndani ya taksi, au chooni. Sina ugomvi na wepesi wa chombo hicho, na aliyekaa usiku kucha na betri zilizokufa hawezi kusema kwamba zamani palikuwa na raha tupu. Walakini tazama kilichotokea. Yule aliyeshinda hujua kabla ya mama yake. Yule aliyeanguka naye hujua peke yake, na hana ukuta wa watu wa kumficha. Tena huandikiwa na kila mtu anayetaka kujua “umepata ngapi,” nao ni mamia, wakiwamo asiowafahamu. Poda haipungui, la hasha, imezidi: hununuliwa na vijana wenyewe, humwagwa na vijana juu ya vijana, barabarani, mbele ya kamera ya simu, na nkambo aliyestahili kuweka kidole chake cha kwanza huletewa picha kesho yake. Nao wenye fedha wamebuni jambo ambalo kwetu lingekuwa haramu, nalo ni kufanya karamu kabla ya matokeo, ukumbi ukakodiwa, mbuzi akachomwa mitshopo, bia ya Simba ikafunguliwa, na mhitimu akapongezwa kwa ushindi ambao Kinshasa bado haijauona. Mgeni anapoitazama furaha ya namna hiyo akasema ni fujo, nakosa neno la kumjibu.

Jambo moja halijapotea, nalo ni promosheni, yaani lile kundi la watu waliomaliza mwaka mmoja shule moja. Mtu wa Lubumbashi hukutambulisha kwa mwenzake kwa kusema, “Huyu ni wa promosheni yangu,” naye aliyetambulishwa hana haja ya kuuliza zaidi. Promosheni hukusanyika kwenye harusi na kwenye kilio. Mzazi wa mmoja akifariki, mchango hupitishwa kabla maiti hajatoka mochari, na viti vya promosheni huwekwa mahali pake, baada ya ukoo na mbele ya wafanyakazi wenzake. Hukusanyika pia bila sababu, kwenye munkoyo, yaani kinywaji cha mahindi, na hapo ndipo walimu wa zamani wanapoigizwa sauti zao, na prefe, yaani mkuu wa shule, aliyetutisha akageuka mzee mwema aliyekuwa na mishahara isiyolipwa. Zipo promosheni zilizo na kidonda. Waliomaliza mwaka 1990 walifanya mtihani wao majuma machache baada ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, askari walipowavamia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi katika vyumba vyao vya kulala, na chuo hicho ndicho kile ambacho watahiniwa hao walikuwa wakikiotea. Waliomaliza miaka miwili au mitatu baadaye waliona madawati yakiachwa wazi katikati ya mwaka, wenzao wenye asili ya mkoa wa Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa na wasiojua Kasai hata kwa picha, walipofukuzwa Katanga, hususan Likasi na Kolwezi, wakangoja treni stesheni kwa majuma pamoja na vyombo vyao. Walimu wazuri sana wa hesabu waliondoka katika treni zile. Promosheni za miaka hiyo, zikisoma majina leo, husoma na ya wale, na nimeona watu wazima wenye ndevu nyeupe wakitafutana kwa simu kutoka Mbuji-Mayi hadi Brussels ili orodha ya darasa ikamilike. Hilo nalikiri kuwa ni tendo jema la chombo kile kile nilichokilaumu.

Basi ombi langu kwa wakuu wa shule za Lubumbashi, na za Likasi na Kipushi kama watapenda, si kuzuia poda wala kuzuia simu, mambo ambayo hayatazuilika. Ni hili: siku ya matokeo, hata kama kila mtoto amekwisha kujua alama yake, waiteni wazazi jioni katika ua wa shule, pamoja na nkambo wenye kuweza kutembea, na mmoja wa walimu wakongwe asome majina ya walioshinda, kwa sauti, polepole, bila asilimia. Wa kwanza kumimina awe aliyelipa. Waambieni vijana wasiwapige picha wenzao ambao majina yao hayakusomwa, na kesho yake wawaendee wakiwa wamenawa. Hakuna fedha itakayohitajika. Kipaza sauti cha parokia kinatosha, na poda kila mama anayo sandukuni.